Mama Gaju Anasema Tatu

Alhamisi, 2 Oktoba

Daftari hili nimepewa na nesi Trinah wa kituo cha afya. Amesema kila siku niandike namba ya maumivu ya mke wangu, kuanzia sifuri mpaka kumi. Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni yale ya kushindwa kabisa. Namba tu, mzee, kasema. Lakini mimi Mutsinzi sikukaa miaka miwili kwenye darasa la ngumbaru kule Karagwe ili niandike namba tu. Kurasa ni nyingi, nitazitumia.

Mimi ni fundi bati hapa Nyakabanda, Kigali, tangu turudi kutoka Tanzania, miaka thelathini sasa. Mifereji ya mvua, ndoo, makopo, majiko. Maji ya nyumba nyingi za mtaa huu yanapita kwenye kazi ya mikono yangu kabla ya kufika kwenye pipa. Nina miaka sabini na mbili na sijawahi kulazwa.

Mke wangu ni Mukandekezi, watu wanamwita Mama Gaju. Mwezi wa nane alipata mkanda wa jeshi, malengelenge ubavu wa kushoto kuzunguka mpaka chini ya kwapa. Yalikauka, maumivu yakabaki. Trinah anasema mishipa imeungua ndani na ngozi imepona juu. Nilielewa kabla hajamaliza. Ni kama lehemu mbaya: juu inang'aa, chini haijashika. Trinah alisema mfano huo atautumia kwa wengine.

Pale kituoni mashine yao ilikataa mituweli yetu, bima ya afya ya nyumba. Nesi akasema bima haijakamilika. Nikamwambia mwezi wa saba nililipa faranga elfu sita, elfu tatu zangu na elfu tatu za mke wangu, na karatasi ninayo. Akasema nimuone mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu. Nikasema mashine yao ni mbovu. Nikaenda duka la dawa kama mtu mwenye uwezo wake.

Vidonge vya mishipa, boksi la ishirini na nane, asubuhi kimoja na jioni kimoja, wiki mbili. Elfu kumi na nne na mia tano bila bima. Nilimuuliza yule binti wa duka kama ni bei ya boksi au ya duka. Hakucheka. Nimenunua nusu boksi.

Namba: Mama Gaju anasema tatu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tatu. Mvua kidogo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tatu. Nimeuza mifereji mita kumi na mbili. Msimu umeanza vizuri.

Jumanne, 7 Oktoba

Harriet amekuja kununua ndoo. Ndiye mkuu wa mudugudu wetu, alikulia Uganda, mwanamke wa haraka. Nikamlalamikia kuhusu mashine ya kituo. Akatoa simu yake, akaangalia.

"Mzee, mashine iko sawa. Nyumba yako iko na watu saba. Umelipia wawili. Mituweli haifunguki mpaka nyumba yote ilipiwe."

"Saba gani?"

"Wewe ndiye uliniambia."

Nikakumbuka. Naandika hapa kwa sababu Trinah anataka namba tu na hatasoma haya mengine.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Harriet alipita nyumba kwa nyumba kuandika watu. Alianza kwa jirani yangu Fortunatus, fundi viatu, Mhaya wa Bukoba, mtu wa maneno. Nikamsikia anasema watu watano, na sauti aliipandisha ili ivuke ukuta. Harriet alipofika kwangu nikasema saba. Mimi, Mukandekezi, binti yetu Gaju aliyeolewa Kimironko, watoto wake wawili Cyusa na Pretty, mpwa wangu Kamanzi wa Mbarara, na Arnaud aliyejifunza bati kwangu akaondoka. Wote ni watu wangu. Sikutaja mgeni. Jioni ile orodha ilisomwa mbele ya watu wote, na nilisimama. Tangu hapo mpaka juzi hatukuwahi kuitumia mituweli, kwa hiyo sikujua.

Nikamwambia Harriet afute watano kimyakimya. Akasema haiwezekani, orodha ilithibitishwa mbele ya watu na itarekebishwa mbele ya watu, kwenye kikao baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, na kichwa cha nyumba ndiye anasema kwa mdomo wake.

Nikamwambia ndoo ni elfu tatu na mia tano, siyo elfu tatu.

Namba: tatu. Mke wangu sijamwambia.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tatu. Fortunatus amepita na familia yake wakitoka kituoni, wametibiwa kwa faranga mia mbili mia mbili. Akanionyesha karatasi. "Mzee mwenzangu, nyinyi wenye saba mnapewa punguzo?" Nikamwambia viatu vyangu alivyovishona mwaka jana vinakunywa maji.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tatu. Vidonge bado vipo. Nilinunua kumi na vinne, vya wiki moja, leo ni siku ya kumi na saba. Yule binti wa duka amekosea kuhesabu akanizidishia. Nimenyamaza. Mtu mwenye akili haamshi bahati iliyolala.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda. Tumezibua mtaro wa barabara ya chini. Vijana walikuwa wanashika majembe kama miavuli, ikabidi niwaonyeshe.

Kwenye kikao Harriet akauliza nani ana marekebisho ya watu wa nyumba yake. Alinitazama. Mwanamke mmoja akasema mtoto wake amezaliwa, wakapiga makofi. Harriet akanitazama tena. Fortunatus alikuwa amekaa mbele yangu, shingo yake nene. Nikatazama wingu juu ya Mlima Kigali mpaka wakafunga kikao.

Nyumbani namba ni tatu. Nikafurahi. Nikajiambia, tatu si ugonjwa, tatu mtu anaishi nayo.

Jumatano, 29 Oktoba

Tatu. Mvua kubwa. Mifereji yangu yote imeshika. Ya nyumba ya bluu inavuja lakini ile siyo kazi yangu.

Jumapili, 2 Novemba

Leo nitaandika sana.

Mama Gaju hakwenda kanisani. Alisema blauzi ya kwaya imebana. Nikasema siyo kweli, umepungua, blauzi inakuogelea. Akasema basi imelegea. Nilienda peke yangu na nikarudi mapema, na akili yangu haikuwa imetulia.

Nilimkuta ameketi jikoni, kitenge kimefungwa chini ya bega la kulia tu, ubavu wa kushoto uko wazi, na nje kuna baridi. Mlango wazi. Aliposikia hatua zangu akajifunika haraka, na kitenge kilipogusa ngozi uso wake ulifanya kitu ambacho sijakiona tangu alipomzaa Gaju. Kisha akasema, umerudi, chai ipo.

Nikaona juu ya rafu kopo langu la bati, lile dogo la kifuniko nililomtengenezea la chumvi. Nilikuwa natafuta sukari, nikafungua hilo kwa kukosea. Ndani maganda ya vidonge, matupu, yamepangwa vizuri. Kumi na manne.

"Haya ni nini?"

Mimi nikakaa chini pia. Magoti yangu yalilia, nikayaacha.

Ndipo akasema. Kila kidonge alikuwa anakifungua, anamwaga nusu ya unga kwenye chai, nusu anaifunga kwa kesho. Nusu kwa siku. Nesi alisema viwili. Hivyo duka halikunizidishia chochote. Na vimeisha tangu Jumatano.

"Kwa nini?"

"Nusu boksi ni elfu saba na mia mbili na hamsini, Baba Gaju. Ni mita ngapi za mfereji?"

Najua ni mita ngapi.

"Na hii tatu yako ya kila siku?"

"Nikisema tano utanunua boksi zima. Nikisema nane utauza mkasi wa bati."

Mwezi mzima nimeandika tatu, tatu, tatu, kwa mwandiko mzuri, nikajiona mtu wa maana. Mimi ninayegonga bati nikajua kama ina tundu. Mke wangu alikuwa anapima kila kazi yangu: anainua mfereji kwa mkono wa kushoto, anamwaga maji kwa wa kulia, anatazama. Tangu mwezi wa nane hajapima hata mmoja. Nilifikiri amekubali kwamba kazi yangu haina kasoro.

Namba: anasema tatu. Naandika: siyo tatu.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeanza kumtazama kabla ya kuandika. Kama anainua mkono kufikia kamba ya nguo. Kama ananitania. Leo mkono haukufika begani. Anasema tatu. Mimi nasema saba.

Jumanne, 4 Novemba

Mkono, hapana. Utani, mmoja tu, kuhusu masikio yangu. Nasema sita.

Jumamosi, 8 Novemba

Gaju amekuja kutoka Kimironko na kitambaa kipya cha mama yake. Mama yake amekikunja akakiweka magotini, hakukijaribu. Gaju si mjinga, anauza vitambaa, anajua mwanamke anayekataa kujaribu. Akanivuta nje.

"Papa, mama ana maumivu kiasi gani?"

"Muulize."

"Nimemuuliza. Anasema tatu."

Akanipa elfu kumi na tano. "Nunua boksi zima. Na mituweli yenu imefikia wapi?"

Nikamwambia mituweli ni mambo ya mashine, inashughulikiwa. Mume wake ana bima ya ofisi huko Kacyiru, hawa hawajui foleni zetu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimefanya hesabu njiani. Boksi moja, elfu kumi na nne na mia tano, wiki mbili, kisha hakuna. Watu watano waliobaki kwenye orodha yangu, elfu tatu kila mmoja, elfu kumi na tano, na mituweli inafunguka mpaka mwaka uishe. Wala sitasimama mbele ya mtu yeyote. Mwenye akili angefanya nini?

Nimepita duka la dawa sikuingia. Nimeenda kwa mama wa wakala pale kona, nikalipia wale watano, sasa wote saba wamelipiwa. Akabonyeza, akanipa karatasi. Nilitembea kurudi nyumbani kama nimeoa tena.

Nimemwambia Mama Gaju dawa inakuja Jumatano. Anasema tatu. Nasema saba.

Jumatano, 12 Novemba

Imekataa.

Trinah alijaribu mara tatu. Nikampigia Harriet simu hapo hapo kituoni. Akasema, "Mzee, Gaju na watoto wako kwa bima ya baba yao. Arnaud ameandikisha nyumba yake Kimisagara. Mtu hawezi kuwa kwa nyumba mbili. Hesabu ya nyumba yako haitakubali hata ukilipa elfu hamsini."

"Na pesa?"

"Iko kwa jina lako, haijapotea. Lakini leo haikusaidii kitu."

Trinah alisikia yote. Ni binti mpole. Akasema tu, "Muzehe, mama hakupaswa kuacha dawa ghafla. Wala kuipunguza mwenyewe." Akanipa vidonge vya kawaida vya maumivu, ni kama kumwagia jiko la moto kijiko cha maji.

Tulirudi kwa miguu polepole, mimi upande wake wa kushoto ili watu wasimguse. Mvua ikaanza. Matone yalimwangukia begani na kila tone nililiona.

Nyumbani nikamwambia. Kwamba Gaju alileta pesa ya dawa. Kwamba nimeipeleka kulipia nyumba ya watu saba, na watu saba hawapo, na sababu ni mdomo wangu. Niliongea nikitazama nyundo.

Kisha akasema, "Hiyo saba naijua. Nilikuwa jikoni siku ile."

"Ulijua miaka miwili?"

"Ulisimama wima, Baba Gaju. Ulisema saba kama ulivyomwambia baba yangu Karagwe siku ulipoleta ng'ombe. Ningetoka jikoni nikuvunje mbele ya Harriet?"

Nilikuwa nimesahau. Mzee wake aliniuliza nitampa binti yake nyumba ya namna gani, nikasema nyumba ya watoto saba. Mungu akatupa Gaju, basi. Mukandekezi hajawahi kunikumbusha mpaka leo.

"Umenikasirikia?"

"Sana," akasema. "Nipe chai."

Namba sikuuliza.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeuza jiko langu la maonyesho, lile la milango miwili ambalo hata wazungu walilipiga picha. Nusu boksi. Anameza mbele yangu, asubuhi na jioni. Ananiambia nafanana na askari wa forodha.

Jumatano, 19 Novemba

Mkono umefika begani. Nasema tano.

Ijumaa, 21 Novemba

Nusu boksi imeisha. Mvua ya mawe.

Jumanne, 25 Novemba

Siyo tatu. Siyo saba pia. Amelala kwa ubavu wa kulia mchana kutwa na hajasema neno juu ya masikio yangu. Mwenyewe nimepima mifereji, nikamwaga maji, yakapita bila mimi kuyaona. Hiki kitu kinahitaji macho ya watu wawili.

Jumamosi, 29 Novemba

Umuganda. Tumepanda miti kando ya korongo. Sikumfundisha mtu yeyote. Wameniuliza kama naumwa.

Kwenye kikao Harriet akauliza nani ana marekebisho. Nikasimama. Magoti yalipiga kelele, watu wakageuka kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, kuhusu mpwa, kuhusu ukoo, kuhusu maana ya nyumba kwa mtu aliyezaliwa nchi ya watu. Yote yalikuwa mazuri.

Harriet akasema, "Mzee Mutsinzi. Nyumba yako iko na watu wangapi?"

"Wawili."

Watu wakangoja. Walizoea kwamba nikianza siishii hapo.

"Mimi na Mukandekezi," nikasema. "Wengine niliwaongeza. Niliona wawili ni wachache kutamka. Sasa mke wangu anaungua ubavu na dawa yake iko nyuma ya watu ambao hawapo. Futa watano."

Hakuna aliyecheka. Hicho kilikuwa kigumu zaidi kuliko kicheko. Harriet akaandika, akanisomea majina moja moja, na kwa kila jina nikasema ndiyo. Kwa Pretty nilichelewa kidogo. Ana miaka minne, anaishi Kimironko, kila akija analala juu ya tumbo langu.

Nilipotaka kukaa, Fortunatus akasimama mbele yangu na shingo yake.

"Na mimi, mama mkuu. Andika wanne."

"Si uko na watano?"

"Mama mkwe alirudi Bukoba kabla hujaanza kuandika."

"Na elfu tatu zake umekuwa unalipa?"

"Kila mwaka," akasema, bila kugeuka nyuma. "Nisingeweza kurudi kwenye wanne na huyu mzee ana saba."

Hapo ndipo walipocheka, mpaka Harriet akaweka simu chini. Nami nilicheka. Tulitoka pamoja. Nikamwambia mimi niliongeza watano na yeye mmoja tu, hata kwa uongo hanifikii. Akasema lakini uongo wake ulipata tiba. Kesho atakuja kuchukua viatu vyangu, atavishona upya, bure, amesema. Tutaona.

Alhamisi, 4 Desemba

Elfu kumi na tano zilizokuwa kwa jina langu, Harriet ameniambia zitatulipia mwaka ujao. Mashine imekubali Jumanne. Trinah akatoa karatasi ya kwenda hospitali, na leo tumekwenda.

Daktari ni kijana, anaitwa Keith, miwani, anaongea taratibu. Nikaweka daftari hili mezani. Akafungua mwanzo. "Tatu, tatu, tatu," akasoma. "Maumivu si makali basi?"

Nilifungua mdomo. Nina mambo mengi ya kusema juu ya mkono, kamba ya nguo, masikio. Kisha nikaufunga. Nimejifunza kwamba namba ya mtu inatoka kwa mwenyewe, mbele ya watu, kwa mdomo wake.

Mukandekezi alitazama daftari. Akanitazama mimi. Nikamwambia, "Mimi nilisema wawili mbele ya mtaa mzima. Zamu yako."

Akashika ukingo wa meza.

"Nane," akasema. "Tangu mwezi wa nane. Kuna siku ni tisa. Nguo ikinigusa ni tisa."

Daktari akaacha kuandika akamwangalia vizuri. Mimi nilitazama dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia namba yake, na nilikuwa namkadiria sita, saba. Hata nilipofikiri nimekuwa mjuzi wa kumsoma, alinificha moja au mbili.

Boksi zima, dawa ile ile, vidonge kwenye bati lile lile jembamba. Sehemu yetu ya kulipa: elfu moja mia nne na hamsini. Nilimuuliza mtu wa dirishani mara mbili. Akanionyesha. Nikalipa kwa sarafu na nikazihesabu mbele yake, si kwa sababu simwamini, nilitaka tu zichukue muda.

Tukaja nyumbani kwa basi. Akalala akiniegemea kwa upande wake mzima.

Ijumaa, 5 Desemba

Anasema nane.

Jumapili, 7 Desemba

Anasema saba. Hajaenda kwaya. Ameimba jikoni, sauti ya chini.

Jumatano, 10 Desemba

Sita. Mvua zinapungua. Fortunatus ameleta viatu. Havivuji. Sitamwambia.

Jumamosi, 13 Desemba

Mfereji wa mita nne kwa mteja wa barabara ya chini. Nilikuwa nimeshauegemeza ukutani, nasubiri aje auchukue, Mama Gaju akatoka na jagi la maji. Akashika mwisho wa mfereji kwa mkono wa kushoto. Akauinua mpaka kiunoni, akapumua, akauinua mpaka kifuani. Akamwaga. Akafuata maji kwa macho mpaka mwisho.

"Unavuja," akasema.

"Wapi?"

"Hapa kwenye maungio. Na pale. Miezi hii yote umekuwa unauzia watu nini?"

Unavuja kweli. Sehemu mbili. Nimewasha moto wa lehemu tena.

Jioni nilikuwa nimempa mgongo, nashika lehemu, nikamuuliza namba. Akasema nne. Nimeiandika hivyo hivyo, bila kugeuka kumtazama mkono.